Jina kwa Penseli

Nilikikuta soko la Kenya, kwenye meza ya karanga.
Kurasa nne zilikwisha kuchanwa, zikakunjwa bomba, zikauzwa.
Ya tano ilikuwa mkononi mwa kijana.
"Karatasi ya zamani iko nguvu, mama, haipitishake mafuta."
Nikaisoma papo hapo vidoleni mwake: d, m, s, nukta, kistari,
sauti ya pili ikishuka pale Hagari
anapomlaza mtoto kichakani asimwone akifa.
Nilinunua karanga zote.

Ndani ya jalada kuna majina, kama ukuta wa jela.
La kwanza: Winifred Ashdown, alto, 1887,
wino wa zambarau, mwandiko wa mtu aliyechapwa kwa rula.
Oratorio imepigwa chapa London, shilingi mbili na nusu,
na pembeni mwa ukurasa wa kumi na tisa
ameandika kitu ambacho binti yangu,
mwenye Kiingereza cha darasani, amenitafsiria hivi:
*Vuta pumzi hapa. Hapa usilie.*

La pili ni la mpwa wake, mhubiri,
aliyeshuka garimoshini mji ungali mabati na bomba moja la moshi.
Hakuacha neno. Aliacha doa la chai.

La tatu, Ezekieli Mwilambwe,
mchana mpishi wa mhubiri, usiku mnakili.
Alitia Kiswahili chini ya kila mstari
kwa penseli iliyochongwa kwa kisu cha vitunguu,
na maneno yalipozidi nota
aliyapunguza kama kuni ziingie jikoni.
Malaika alipewa nota nne tu.
*Mungu amesikia* ina silabi saba.
Akafuta, akaandika, akafuta hadi karatasi ikatoboka,
mwisho akaacha: *Kasikia.*
Nani, hakusema.

Kila mrithi alimkata aliyemtangulia
kwa mstari mmoja, bila chuki, kama anayefunga mlango wa jirani.
Wa nne alikificha ndani ya kopo la unga
miezi ile risasi zilipovuka barabara ya Katuba;
bado ukikifungua kwa nguvu kinapiga chafya.
Wa tano ni Kalala Tshimanga, tenor, kambi ya wachimbaji.
Jina lake halikukatwa.

Mwaka wa tisini na mbili waliambiwa warudi kwao,
nao kwao ni hapa, chini ya mlima huu mweusi wa mavi ya shaba.
Walilala stesheni majuma, wakingoja behewa,
wakiuza kwanza redio, kisha sufuria, kisha magodoro.
Chini ya Tshimanga hakuna jina tena, ipo bei tu:
zaire milioni tatu.
Sijui kama ni nyingi. Mwaka ule mkate ulipanda bei
kati ya foleni na kaunta.

Nilikwenda Kamalondo kwa Mama Leontina Kapya,
aliyeimba nyuma ya Tshimanga miaka kumi na mmoja
na kuijua shingo yake kuliko uso.
Nikamwomba kurasa nne zilizoliwa na karanga.
Alifumba macho. Akaimba alto,
alto peke yake, ambayo karibu yote ni nota moja
iliyosimama kama mtu mwenye mzigo mlangoni,
kisha akanyamaza, akipigapiga paja.
"Pale tulikuwa tunangojaka banaume."
Akahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Mbili, mbili, tatu, nne.
Akahesabu hadi chai ikapoa,
kisha akaniuliza kama Tshimanga alirudi.

Pasaka tutaziimba hizo nne kama alivyonipa,
alto tu, na tenor wetu wasimame, midomo imefungwa, wahesabu.
Wamelalamika. Wawili wamehamia kwaya ya gitaa.

Nimeandika jina langu chini ya ile bei, kwa penseli.
Sikumkata mtu.
Karanga zimebaki nusu gunia.